Shada la Vijiti

Naanza na waliokuwepo, asije mtu akatia chumvi: dada yangu Furaha, mume wake Yusufu, mama mkwe wake Mama Zaina, mjomba wetu tonton Saidi, na mimi. Wote wameniona nikiaibika.

Leo Furaha ameolewa, ameondoka kwenda Banalia. Mtaani kwetu, mama ndiye humkabidhi bibi arusi maua mlangoni. Mama yetu hayupo, baba pia. Niliacha shule nikamlea Furaha kwa kuuza ndizi, kwa hiyo maua yakawa kazi yangu. Nilitaka yafanane na yale ambayo mama angetoa.

Jana jioni mama jirani, tantine tunavyomwita, alinikatia waridi zake zote, nyekundu. Joto lilikuwa kali. Nikaziweka kwenye ndoo ya maji, ndani ya chumba ninamoivishia ndizi, kwa sababu ndicho chenye ubaridi. Nikafunga mlango, nikaziba hata nyufa. (Fundi hasa.)

Asubuhi ndizi zilikuwa zimeiva vizuri. Waridi nazo zilikuwa zimechanua mno, zimelegea kidogo. Nikajiambia zimechangamkia harusi. Nikazifunga utepe.

Mlangoni, gari likingoja, nikasema, "Furaha, mama angekuwa hapa..." Nikamnyooshea shada. Petali zote zikaanguka miguuni pake. Mkononi mwangu vikabaki vijiti vyenye miiba.

Yusufu akatazama mawingu.

"Yaya," Furaha akasema, kama anavyoniita mimi mkubwa wake, "hii iko fimbo ya kunichapa?"

"Bon, umechelewa," tonton Saidi akaniambia. "Sasa iko bibi ya mutu."

Mama Zaina akauliza, "Maua ililala wapi?"

"Kwa chumba ya ndizi, mama."

"Alors, ndizi ikiiva inatoa hewa. Hiyo hewa inazeesha maua. Weye muuza ndizi haujue?"

Najua. Kila mara naweka papai bivu ndani ya gunia, hewa yake iivishe ndizi mbichi. (Mkate wangu huo.) Sikuwahi kufikiri kwamba ua nalo huivishwa.

Furaha akacheka mpaka akalia, kisha akalia tu. Mimi pia. Akapanda gari na vijiti vyake mapajani.

Nyumba imenyamaza. Chekeni, lakini polepole. Furaha ananidai shada, na sijui nitalifikishaje Banalia likiwa hai.