Mkurugenzi Azindua Mafunzo ya Mbwa wa Geti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mama Mkaguzi kutoka Makao Makuu. Wakuu wa idara mliofika. Wakuu wa idara mliotuma makaimu. Makaimu mliotuma udhuru. Dada wa masjala, kaka wa stoo, mama wa kantini. Na wewe Mzee Funguo, mlinzi wetu wa geti, pamoja na mbwa wako Masharubu ambaye hatima yake inaamuliwa leo kabla ya chai: kama kuna cheo nimekiruka, kijihesabu kimetajwa. (Makofi. Tarishi ndiye aliyeanza, kama alivyoelekezwa.)

Mama Mkaguzi, mwezi uliopita mbwa huyu alinichania suruali hapo getini, tena ya suti, mbele ya wageni. (Kicheko.) Msicheke. Mwingine angeshika fimbo. Mimi niliunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, na kamati ndogo ikatuletea Mradi Jumuishi wa Kuwajengea Mbwa Uwezo kwa Kibofyo na Motisha Chanya, mradi shirikishi, endelevu, wenye fidibaki kwa stekiholda wote, wenye mkia na wasio na mkia! (Tak! Mkurugenzi amebofya kalamu yake kukazia neno. Masharubu ametoka kivulini mbio, ameketi mbele ya jukwaa, anamtazama mkononi.)

Mnaona? Sijamaliza hata utangulizi, matokeo yamekuja yenyewe kwa miguu minne! (Makofi.) Kwa faida ya wasio wataalamu: mbwa akitii, unabofya kibofyo, kinalia tak, na papo hapo unampa kitu cha kutafuna. Hapigwi, hafokewi. Mlio ule ni ahadi, na ahadi ni deni.

(Mzee Funguo: "Sasa mpe kitu basi, Mkurugenzi. Umebofya, anasubiri.")

Atapewa, Mzee wangu, atapewa. Hilo liko katika awamu ya pili. Nikiendelea na takwimu, asilimia mia moja ya mbwa wa ofisi hii, yaani huyu mmoja, wamefikiwa! (Tak! Masharubu amesogea, ametikisa mkia.) Uchanaji wa suruali umeshuka kwa asilimia tisini, maana tangu siku ile napitia mlango wa nyuma! (Tak! Mkia umetikisika kidogo.) Na yote haya, bila kujisifu, ingawa nisipojisifu mimi sijui atanisifu nani, yametokana na maono yangu! (Tak! Masharubu amemtazama Mzee Funguo, kisha amerudi kivulini.)

Amekwenda kutafakari. Sasa tufike kwenye tathmini. Barua ninayo hapa mfukoni: mbwa akiambiwa kaa asikae, anaondoka leo hii na lori la stoo, na Mzee atapewa kengele badala yake. (Mzee Funguo amevua kofia. Mama wa kantini: "Jamani, miaka sita wako pamoja!") Mama, tulia, mbwa yuko mikononi mwa wataalamu. Masharubu, kaa! (Masharubu amepiga mwayo.) Nimesema kaa! (Tak! Tak! Tak! Masharubu amelala, amempa mgongo.)

Mheshimiwa, hii ni changamoto ndogo ya kimtazamo. Kaka wa stoo, washa lori.

(Mzee Funguo, akisogea mbele: "Naomba nijaribu mimi. Masharubu, mwanangu, kaa." Masharubu ameketi wima. Mzee amebofya kidude mkononi mwake: Tak! Mzee amempa kipande cha ini. "Lala." Amelala. Tak! Ini. Watu wamesimama wakipiga vigelegele, tarishi akiwa bado hajaanza.)

Huo ndio mradi wangu, Mama Mkaguzi! Lakini Mzee, hicho kibofyo si kalamu ya ofisi?

("Niliiokota kwenye pipa lako, Mkurugenzi, imeisha wino. Ini ni la chakula changu cha mchana. Siku ile ulisema mbwa akichana suruali nyingine anaondoka, nikaona nimfundishe mwenyewe.")

(Mama Mkaguzi: "Vibofyo vya mradi viko wapi?") Viko katika mchakato. ("Mkufunzi?") Yuko katika mchakato. ("Kamati?") Hiyo ipo, Mheshimiwa, ilikunywa chai. (Kicheko. Mama Mkaguzi: "Toa hiyo barua uichane. Mbwa abaki.")

Naichana kwa moyo mkunjufu, wazo ambalo nilikuwa nalo tangu asubuhi. Kwa hiyo nawashukuru wote waliofanikisha mradi huu, nao ni Mzee Funguo, ambaye laiti ningejua angeufanya peke yake ningeuzindua mapema zaidi. (Mzee Funguo amemwekea kipande cha ini kiganjani.) Nini tena, Mzee? Hili ini ni la nini?

("Unadaiwa, Mkurugenzi. Mlipe, ujaribu tena.")

Nimpe kwa mkono huu nilioandikia hotuba? Haya. Masharubu, njoo. Taratibu... Amechukua! Amenilamba, Mama Mkaguzi! Masharubu, kaa. (Masharubu amemtazama kwa muda mrefu, kisha ameketi. Tak! Mkurugenzi amenyoosha mkono kwa Mzee kuomba kipande kingine.) Nampa, nampa! Watumishi wenzangu, kaulimbiu yetu imebadilika. Ukibofya?

(Umati, na mama wa kantini kwa sauti kuliko wote: "Lipa!")