Maji Meupe ya Chini ya Shimo

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika kweli kweli! Cheo cha mkuu wa maabara kinatolewa Alhamisi, na eti nashindana na shemeji, kaka wa mke wangu. Mimi! Miaka kumi na moja napima maji ya hili ziwa, shimo la makaa ya mawe lililoachwa likajaa maji mekundu, machungu, yenye tindikali. Mkaguzi wa mazingira kasema atakayeonyesha njia ya kuyasafisha ndiye mkuu. Shemeji anataka kutia chokaa kidogo kidogo, miaka miwili. Porojo.

Jumanne, 4 Machi

Nimempata! Nimeshusha chombo kwa kamba hadi chini kabisa. Kimepanda na maji meupe pe! Nitasema nimeyasafisha kwa dawa yangu ya siri. Nimejaza chupa moja ya kumwonyesha mkaguzi, na dumu la akiba hadi kwenye mfuniko.

Jumatano, 5 Machi

Mkaguzi kaishika chupa, kanipa mkono. Shemeji, kwa upole wake wa kinafiki, kakumbusha kanuni: kila sampuli ikae wazi dirishani siku nzima ndipo isomwe. Kanuni ya kipuuzi! Niliitunga mwenyewe mwaka jana, kumkomoa yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Chupa imekuwa rangi ya tofali! Matope chini kidole kizima. Shemeji akanieleza mbele ya watu wote, hadi mfagizi:

"Chuma kilichoyeyuka majini kule chini hakijaonana na hewa, shemeji. Kikionana nayo, kinashika kutu."

Cheo kapewa yeye. Nyumbani mke wangu kasema nimejitakia. Damu nzito, bwana.

Ijumaa, 7 Machi

Sikubali ng'o. Jumatatu naenda kwa mkurugenzi kukata rufaa, nimevaa shati langu jeupe la harusi. Nimefungua dumu: maji bado meupe pe! Kutu iko wapi? Shemeji ni mwongo, na chupa aliichezea.

Mke kauliza kama shati alifue kwa maji ya bomba. Ya bomba yana vumbi! Nimemwambia atumie ya dumu, sabuni nyingi, kisha alianike juani, kwenye upepo mzuri.

Kachungulia ndani ya dumu. Kauliza kama nina hakika. Nimemwambia asinifundishe kazi yangu.

Ameshaloweka.