Malalamiko Kuhusu Mbao Sita za Mvule Zilizo Chini ya Kitanda Changu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Maseremala,

Asanteni kwa viti mlivyoleta kwenye mazishi ya mume wangu, Yaw Frempong, mwanachama wenu. Pamoja na shukrani hizo, nalazimika kuushtaki mvule, mti ambao hapa Ashanti tunauita odum.

1. Haukauki. Mwaka tuliooana Yaw aliniahidi kabati la vyombo, akaingiza mbao sita chini ya kitanda zikauke. Sasa ni miaka kumi na tisa. Kila Jumapili baada ya kanisa alivuta ubao mmoja, akaugonga kwa kidole, akautegea sikio kama daktari. "Akua, bado kidogo," alisema. Kitanda kimeinuliwa kwa matofali mpaka napanda kwa kigoda.

2. Hauliwi na mchwa. Walipoingia ndani, walizipita mbao kwa adabu wakala miguu ya kitanda.

3. Haukai na rangi moja. Ulikuja wa manjano, nikashona pazia la manjano lifanane na kabati. Mbao zimegeuka kahawia, pazia limebaki peke yake.

4. Una mawe ndani. Yaw alipokata kipande cha kujaribia, msumeno uligonga jiwe ukang'oka meno matatu. Vumbi lake lilitupigisha chafya hadi mchungaji akaja kutuombea. Yaw alifurahi sana. "Umeona? Wenyewe unakataa kuharakishwa."

Kwa hiyo naomba Chama kitangaze, kwa barua yenye muhuri, kwamba mbao hizi zimekauka. Mafundi wote hapa wananijibu, "Mama, kama Bwana Frempong alisema bado, mimi ni nani?" Muhuri ukishindikana, basi mvule upigwe marufuku kwa wanaume waliooa. Ibada ya mwaka mmoja tangu Yaw afariki ni mwezi ujao, na sahani zangu bado zimo kwenye maboksi ya harusi.

Wasalimuni wake zenu, na aliyepanga vile viti kwa mistari iliyonyooka. Yaw angempenda.

Mimi ninayengoja,
Akua Pokuaa Frempong

N.B. Kabla sijafunga bahasha, fundi Nsiah amepita. Amezitoa mbao zote, akagonga, akanusa, akasema, "Mama, hizi zimekauka zamani, hata Bwana Frempong alijua. Nianze leo?" Nimemwambia hajui kusikiliza ubao. Nimempa chakula, akaenda, nami nimezirudisha mmoja mmoja. Muhuri msiulete kwanza.