Laini ya Wasiopiga Simu

Watu wengine huenda soko la mifugo la Garissa siku ya Jumatano kutafuta mbuzi. Nuh alikwenda kutafuta malalamiko. Aliamini kwamba mtu anayelalamika ameshaufungua mfuko wake nusu, na kilichobaki ni kumsaidia kuumalizia. Ndiyo maana alikaa kwenye benchi la Maka muuza chai asubuhi nzima, kikombe kimoja kwa saa tatu, mpaka mzee mmoja mwenye ngamia alipoanza kuitukana simu yake.

Mzee alikuwa amenunua bando la wiki, kisha akaenda zake malishoni. Siku aliyotaka kupiga, akaambiwa bando limekwisha.

"Dakika mia nilinunua," alisema, akiwaonyesha watu simu kana kwamba wataiona dhambi yake usoni. "Mimi sijasema hata haloo. Sasa hizo dakika zimeongewa na nani?"

Benchi zima lilimwonea huruma. Nuh naye alimwonea huruma, kwa namna yake.

Akawaza: hapa pana watu elfu na elfu ambao hupiga simu mara mbili kwa mwezi, ngamia wakifika majini au mtoto akizaliwa, na kampuni zote zinawauzia maneno mengi wasiyo nayo. Hakuna aliyewakumbuka watu wakimya. Hilo lilikuwa wazo zuri, na mtu mwema angeliishia hapo, akafungua biashara halali. Lakini Nuh akapata wazo la pili, nalo ndilo lililomfanya aweke kikombe chini: mteja asiyepiga simu hatajua kwamba simu haipigi.

Jumatano iliyofuata alikuwa na meza, mwavuli, kitambulisho chenye picha yake kikining'inia shingoni, na katoni nzima ya laini za kampuni iliyokufa zamani hata jina lake likasahaulika. Alizinunua kwa kilo kutoka kwa mtu wa Nairobi aliyekuwa karibu kuzitupa. Ziling'aa vizuri sana kwa maiti.

Hapa tumtendee haki. Nuh hakuwa akiiba kwa tamaa ya nyama na viatu. Alikuwa akimpenda Qali, karani wa ofisi ya maji, na alimpenda kweli, mpaka chakula kilimpita kooni bila ladha. Baba yake Qali, Mzee Mustafe, alikuwa amempa muda hadi Alhamisi baada ya alasiri afike mbele ya wazee na gabbati, ile zawadi ya kufungua mlango wa posa. Alhamisi ikipita mikono mitupu, kulikuwa na Najib, daktari wa mifugo, mwenye mshahara wa serikali na pikipiki yake mwenyewe, akisubiri kwa adabu. Nuh aliichukia adabu hiyo kuliko kitu chochote duniani.

Wateja walikuja. Alikuja Doyo, Mborana wa Bute aliyeleta ng'ombe, akaigeuza laini kwenye kidole chake kinene.

"Hii nafanya nini?"

"Hiyo ni laini ya mtu mkimya, mzee wangu. Dakika zake hazifi. Unalipa mara moja, zinakukalia mpaka siku ya haja."

"Mimi nabiga saa hii, nione."

"Ukipiga saa hii umeiharibu," Nuh alisema kwa upole wa daktari. "Lazima ilale siku thelathini kwanza, dakika zigande. Maziwa ukiyafungua kibuyuni kabla ya wakati wake, utapata nini?"

Doyo aliyajua maziwa. Aliitikia kwa kichwa, akalipa mia tano, akaiweka laini kwenye kitambaa pamoja na hati ya ng'ombe wake.

Kufikia adhuhuri bahasha ya gabbati ilikuwa imenenepa, ila haijajaa. Ndipo alipotokea mama mmoja wa makamo, mrefu, amejitanda guntino ya kijani, akasimama mbali akiitazama meza kama mtu anayeitazama miguu ya mbuzi kabla hajataja bei. Kisha akaenda kunywa chai.

Nuh alimfuata Maka kwenye jiko. "Yule ni nani?"

"Weris wa Balambala," Maka alisema. "Wanawake wa huko wamechanga pesa, wamemtuma awachagulie laini. Watu thelathini. Wanamwamini kwa sababu hajawahi kununua kitu kibovu."

Watu thelathini. Nuh aliona bahasha ikifungwa. "Ana watu hapa mjini?"

"Aliishi hapa zamani, mwaka ule wa mvua kubwa Tana ilipofurika. Alikuwa na maziwa mengi mpaka akanyonyesha na mtoto wa watu, mama yake mtoto alikuwa mgonjwa."

Maka alikuwa tayari kuendelea, maana hadithi ilikuwa nzuri, lakini Nuh alishaondoka. Hakuuliza ni mtoto gani. Wajanja wana haraka, na haraka hiyo imewalisha polisi wengi.

Weris aliporudi mezani, Nuh alimpa kiti. Alimweleza mipango yake mitatu: Kimya Kidogo, Kimya Kiasi na Kimya Kabisa.

"Nataka dakika moja moja," Weris alisema. "Sisi kwetu tunabiga mara moja kwa mwezi, pengine mbili. Kijana akifika mtoni na ngamia, anasema tumefika, basi. Hayo mabando ya siku saba, siku ya kwanza unaongea, siku sita zinakufa. Nani nakula hizo siku sita?"

"Ndiyo maana tukatengeneza Kimya Kabisa, eddo, shangazi yangu. Hii ni ya mtu ambaye hapigi hata kidogo."

"Kama mimi sibigi hata kidogo, nanunua ya nini?"

"Amani ya moyo."

Weris alilitafakari jibu hilo kwa heshima, kama mtu aliyepewa sarafu ya nchi asiyoijua. Aliuliza dakika moja ni bei gani, akauliza laini ikipotea nani atairudisha, akauliza kama Balambala inashika au mpaka upande juu ya tangi. Nuh alijibu yote. Mwishowe mama akauliza lile swali ambalo kila muuzaji Garissa huulizwa, na ambalo halihusu bidhaa.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nuh alikuwa akilisubiri. Aliondoa miwani, akaacha macho yalowe.

"Eddo, mimi nimekujua tangu uliposimama pale, nikaona haya kusema. Mwaka wa mafuriko mama yangu aliugua. Kulikuwa na mwanamke anaitwa Weris aliyenichukua akaninyonyesha. Mama alinihadithia mpaka siku aliyokufa. Alisema, Nuh, ukimwona Weris, mbusu mkono."

Maskini mama yake, aliyekuwa na afya ya punda maisha yake yote, alikuwa amemnyonyesha mwenyewe mpaka akaota meno ya nyuma.

Weris alimtazama muda mrefu. Uso wake haukubadilika.

"Nilikunyonyesha mara moja?" aliuliza.

Muuzaji mzuri hujua pa kunyamaza. Nuh hakuwahi kufundishwa somo hilo. "Mara moja? Siku arobaini, asubuhi na jioni."

"Siku arobaini," Weris alirudia. Aligeuka, akawaita madalali wawili wa ngamia waliokuwa karibu, na Maka pia. "Njooni msikie maneno ya kijana huyu. Rudia, mwanangu."

Nuh alirudia kwa furaha, tena akaongeza kikohozi cha mama yake na mvua iliyovuja. Lilikuwa tangazo bora kuliko bango. Madalali walisema mashallah. Maka alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Sasa," Weris alisema, akifungua fundo la pesa, "mwana hamwuzii mama yake kwa bei ya sokoni. Mia nne kila laini, zote thelathini."

Nuh alikubali mia nne. Alimbusu mkono, akafunga meza mapema, na alipokuwa akipanda tuktuk kurudi mjini alijiona mtu mwenye mama wawili na mke mmoja.

Alhamisi baada ya alasiri alifika kwa Mzee Mustafe akiwa na kanzu mpya na bahasha iliyojaa kifuani. Wazee sita walikuwa wameketi kwenye mkeka, na katikati yao sheikh wa mtaa. Salamu zilizunguka polepole. Mzee Mustafe alionekana mwenye furaha, jambo ambalo Nuh aliliandika kwenye hesabu ya bahati yake.

"Kabla hatujapokea kitu," Mzee Mustafe alisema, "dada yangu amesafiri kutoka Balambala kwa ajili ya shughuli hii. Yeye ndiye aliyemlea Qali mama yake alipougua. Ana neno."

Pazia lilifunguliwa. Aliingia Weris, amejitanda ile guntino ya kijani.

Nuh alihisi bahasha ikiwa nzito kifuani. Bado hakuwa ameelewa, alikuwa anaogopa laini tu.

"Ndugu zangu," Weris alisema, "kijana huyu nimemjua jana. Ni mwanangu. Amekiri mbele ya Maka na madalali wawili kwamba nilimnyonyesha mwaka wa mafuriko, siku arobaini. Mwaka huohuo, ziwa hilohilo, nilimnyonyesha Qali."

Sheikh alikohoa.

"Kunyonya mara tano kungetosha," alisema kwa masikitiko. "Siku arobaini ni nyingi sana. Kama ni kweli, hawa ni kaka na dada, na posa hii ni haramu. Nuh, ulisema maneno hayo?"

Nuh aliomba ruhusa ya kunawa uso. Weris alimfuata hadi kwenye mapipa ya maji nyuma ya nyumba, akamwagia maji mikononi kwa kata kama mama yeyote.

"Eddo," Nuh alinong'ona, "unajua hukuninyonyesha."

"Najua. Nimenyonyesha watoto wawili tu maisha yangu, kijana wangu na Qali."

"Basi kwa nini ulikubali jana?"

"Jana nilijua unadanganya. Nilidhani unadanganya kidogo tu, kama wauzaji wote, na laini ni nzuri." Alimwongezea maji. "Jioni nikampa Qali aitie kwenye simu. Mimi nikinunua kitu najaribu siku hiyohiyo, hata kama kimeambiwa kilale. Ilikuwa kimya kabisa. Qali akauliza nani ameniuzia. Nikamweleza mwavuli, miwani, na jinsi ulivyolia."

"Qali alisema nini?"

"Alitoka nje akasimama uani kidogo, akarudi. Kisha akasema, eddo, sitaki baba ajue nilikuwa nampenda mtu wa namna hiyo. Akaniomba nitumie maneno yako mwenyewe."

Maji yalikuwa yakimtiririka Nuh viwikoni na kuingia kwenye kanzu mpya, wala hakuyaona. Kwamba alikuwa akipendwa, alikuwa anasikia leo kwa mara ya kwanza.

"Kana basi," Weris alisema bila hasira. "Ingia uwaambie ulisema uongo. Watakuuliza ulisema kwa nini, na wewe utaanza na laini. Wale madalali wawili wako pale langoni, kila mmoja ameshanunua moja."

Nuh alirudi mkekani. Alifikiria njia zote alizozijua, na alizijua nyingi, lakini kila moja ilipita kwenye lango lenye madalali wawili.

"Ni kweli, sheikh," alisema. "Nilisema."

Wazee walisema subhanallah. Mzee Mustafe alimkumbatia kwa machozi, maana alikuwa na binti watano na siku zote alitamani mtoto wa kiume. Weris alinyoosha mkono, akaichukua bahasha kutoka kifuani mwa mwanawe, akawaambia wazee kwamba hii ni amana ya watu wa sokoni ambayo kijana aliahidi kuirudisha, na kwamba yeye mwenyewe angekaa naye mezani Jumatano mpaka aliyelipa wa mwisho aridhike. Aliyetoka Bute angetumiwa.

Kisha Qali aliletwa amsalimie kaka yake. Alikuja na birika la chai. Mtandio ulikuwa umemlegea hadi mabegani, nywele zikionekana, nani ajitande mbele ya kaka yake? Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Karibu chai, abboowe," alisema, akammiminia.

Ijumaa jioni Najib alifika na wazee wake, na pikipiki akaiegesha kivulini kwa adabu ileile. Nuh alikaa upande wa bibi harusi, kulia kwa Mzee Mustafe, kama kaka mkubwa anavyostahili. Gabbati ilipowekwa mkekani, mzee hakuigusa. Alimwinamia Nuh sikioni.

"Wewe unamjua huyu kijana kuliko sisi wazee. Binti yangu ameumia moyo, sijui kwa nini, na sitaki aumizwe tena. Niambie kama kaka yake: huyu ni mtu mwaminifu?"

Nuh alimtazama Najib, ambaye alikuwa akitazama mikono yake. Maneno mia yalimjia, kila moja lenye miguu mizuri, na lolote kati yake lingetosha kumfukuza yule mtu na pikipiki yake. Nyuma ya pazia Qali alikuwa akisubiri.

"Ni mwaminifu," Nuh alisema.

Ilikuwa kweli, na ilimuuma kuliko kupigwa.