Ubongo Umenichongea

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka kulinda geti la soko la samaki Ggaba. Boti ya uokoaji inatafuta nahodha, nami nimeomba. Moreen, fundi wa injini kutoka Kisumu, naye ameomba. Shida ni macho yangu: nyekundu na kijani kwangu ni pacha. Nilikuwa nimekariri namba zote za kile kitabu cha madoadoa wanachopimia macho. Leo nimeambiwa kitabu hakitumiki tena. Daktari Nabalayo anabandika waya kichwani, ubongo unajibu wenyewe. Nimekwisha. Ubongo wangu haujawahi kunitetea.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa. Nimejipaka vaselini kichwa kizima, waya ziteleze. Florence, mke wangu, ameuliza kama naenda kupimwa au kukaangwa.

Jumatano, 5 Machi
Muuguzi amenisugua kwa spiriti mpaka machozi yakanitoka. Waya zikashika. Kwenye skrini ikaja miraba myeusi na myeupe. Mstari wa mashine ukarukaruka, nikapata moyo. Kisha ikaja michirizi ya nyekundu na kijani, ndivyo walivyosema. Mimi niliona matope. Nikawaza nyanya kwa nguvu zote. Nikawaza damu. Mstari ukalala chali. Nikafumba macho. Daktari akasema, kwa upole, kwamba hata hilo mashine inaliona. Akanieleza kuwa nilizaliwa hivi, si ugonjwa, ila usukani nisiuguse: gizani, taa nyekundu na kijani ndizo zinazoonyesha boti nyingine inaelekea wapi.

Nimerudi kwa miguu, nimeinamisha kichwa. Bado kilikuwa na gundi ya zile waya.

Ijumaa, 7 Machi
Moreen amepata kazi. Kwa huruma, iliyoniuma kuliko dharau, amenipakia kwenye boti jioni. Taa ikatokea mbele yetu. Akauliza ni rangi gani. Nikasema kijani, kwa sauti ya mtu anayejua. Akanitazama, akageuza usukani ghafla. Boti ya abiria ikapita ubavuni mwetu, karibu kabisa. Nilimwona mama amekumbatia mtoto.

Moreen akasema polepole, "Ilikuwa nyekundu, Kaka Oyat. Ungetuua."

Nimeshikilia ukingo wa boti mpaka nchi kavu. Hakumwambia mtu. Chakula kimenishinda.

Jumapili, 9 Machi
Sijalala vizuri tangu juzi. Yule mtoto hanitoki machoni. Florence amenisihi nirudi getini na kumshukuru Mungu. Nimekubali, kwa moyo wote.

Baada ya chai nikasikia kuwa huko Nakivubo wanatengeneza barabara. Wanataka mtu wa kuongoza malori kwa bendera: nyekundu kusimamisha, kijani kupitisha. Macho hawapimi. Nimekimbia huko, naanza kesho. Bendera nimekuja nazo. Ile ya kijani nimeifunga fundo pembeni nisije nikakosea. Florence alitaka kunionyesha ni ipi. Nimekataa. Naijua mwenyewe.