Mnyonya Damu Aliyefukuzwa Peponi

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tatu Februari, mwaka elfu mbili na ishirini na tano, saa kumi na nusu alasiri, mkahawani nyuma ya kituo cha mabasi, mtaa wa Ruwi, Uarabuni. Mpaka saa kumi na robo Yaqoob alikuwa mtu mzima na heshima zake: kafiwa na mkewe miezi minane, na ana hasira na wakubwa wote, kuanzia wanaopandisha bei ya mafuta mpaka msimamizi wa lifti ya jengo lake. Kijiweni wakimwita Lawama.

Aliyewasha moto ni Sami, waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. Macho yalikuwa kwenye simu.

"Jamani, huku kwenye kundi la wasomaji watu wanatoana roho! Riwaya ya mnyonya damu. Kapelekwa Peponi, kapelekwa Motoni, ndani mna masuala ya dini chungu nzima. Huyu kaandika, 'Nyota tano, nimelia.' Huyu, 'Mwandishi atubu.' Na huyu hajakisoma, ila kaandika kuliko wote."

"Huyo wa tatu ndo msomi," akasema Maan, Mufti wa kijiwe, cheo alichojipa mwenyewe. "Kufuru haihitaji kusomwa. Damu haramu. Sasa mwezi wa Ramadhani mnyonya damu huyo atafuturu nini?"

"Lakini Mufti," akadakia Benedict, dereva kutoka Moshi, Mkristo pekee mezani, ndiyo maana wakimwita Padri. "Si analala mchana kutwa, anakula usiku tu? Aisee, huyo kafunga mwaka mzima!"

Maan akapuliza chai iliyokwisha kupoa zamani.

"Halafu mnyonya damu wa kuandikiwa kitabu wa nini?" Padri akaendelea. "Bosi wangu wa kwanza hapa alininyima likizo miaka mitatu. Na juani anatembea vizuri tu!"

Wakacheka. Yaqoob akaweka kikombe chini.

"Kitabu hicho nnacho. Nimekisoma."

Sami akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Wewe, Lawama? Karatasi ya dawa zako si mimi nnayekusomea!"

"Cha marehemu mke wangu, Aliya. Herufi za kizungu nnazibahatisha. Nimekisoma kwa kidole, mstari mstari, miezi minane." Akakitoa kwenye mfuko wa plastiki ambao tangu msiba hauachi mkono wake. "Na nnasema mbele yenu: yule maskini kaonewa!"

"Na nani?"

"Na wakubwa, nani tena! Mwanzo yumo Peponi, katulia, hana kosa. Mara yuko nje getini, anaulizwa karatasi. Nenda dirisha hili, rudi dirisha lile. Mara kashushwa Motoni, na huko wanamjua kwa jina! Mwisho namkuta kijijini ananyonya mbuzi. Mtu na Pepo yake, kaishia kwa mbuzi! Hamna barua, hamna rufaa."

"Mnaona?" Maan akapiga meza. "Aliyeingia Peponi hatolewi. Kufuru ndo hiyo!"

Sami akakuna kichwa. "Mbona huku wanasema mwisho wake unatia matumaini?"

"Matumaini ya nani? Ya mbuzi?"

Padri akanyoosha mkono. "Samahani, mzee wangu. Hebu nionyeshe ulivyoanza kukisoma."

Yaqoob, ambaye skuli hakuiona, alisoma chuo cha Kurani tu, akakilaza kitabu mezani, akapiga bismillahi, akafungua kutokea kulia, kama anavyofungua msahafu.

"Sura ya thelathini," Padri akasoma taratibu. "Na baada ya hii?"

"Ya ishirini na tisa."

"Hukushtuka?"

"Nishtuke nini? Nikasema wanahesabu kushuka, kama namba za taa za barabarani."

"Na maneno kukatika kila ukurasa?"

"Nikajua wakubwa wamekata! Si ndo kazi yao?"

Kijiwe kizima kikalala kwa kicheko. Sami alijishika mbavu, Padri akafuta machozi kwa kola ya shati. Hata Maan alisahau hasira za dini. "Lawama! Umemtoa mja wa Mungu Peponi kwa mkono wako, ukurasa kwa ukurasa! Mkubwa mwenyewe kumbe ni wewe!"

Yaqoob hakucheka. Alikuwa amefunua katikati, penye kibanio cha nywele cheusi ambacho miezi yote minane hakuthubutu kukisogeza.

"Hapa ndo alipoishia Aliya. Kwa kusoma kwenu, Pepo imeshapita?"

Padri akasoma kimoyomoyo. Kicheko kikamwisha.

"Sura ya kumi na mbili, mzee. Yuko Motoni; Peponi bado hajafika."

"Wiki ile ya mwisho alikuwa anaogopa," Yaqoob akasema. "Usingizi hapati. Akishika kitabu hiki anatulia. Mimi nikajua Pepo keshaisoma."

"Inategemea alianzia wapi, mzee. Kama alianza kama wewe, Pepo kaisoma yote. Kama alianza kama mimi..." Padri akakitazama kibanio.

"Na Aliya, skuli alisoma wapi, bwana?" Sami akauliza, kwa sauti ya chini ambayo hawakuwahi kuisikia kwake.

"Chuo kimoja na mimi. Lakini Malak, mtoto wa dada yake, ndiye aliyemletea kitabu. Na ndiye aliyemfundisha kuandika kwenye simu, kwa herufi hizi hizi za kizungu. Tangu hapo akaanza kujua mambo ambayo mimi siyajui."

"Si umpigie Malak?"

"Nshampigia. Anasema alimpa mkononi, hakumwona akifungua."

Yaqoob akafunga kitabu, kidole kimebaki ndani penye kibanio. Akamgeukia Maan, aliyekuwa anaikagua chai yake kama kwamba ndani mna maandishi.

"Mufti, wewe kila jambo una jibu. Mke wangu alianzia upande gani?"