Kidole Gumba cha Kisyeri

Ukimwona Kisyeri anavua ndala chini ya meza yake pale Nyamisangura, mjini Tarime, jua mteja ameshaliwa. Mungu alimpa fundi huyu wa kompyuta kidole gumba cha mguu chenye ujuzi kuliko mikono yote miwili. Diski ikichomekwa, kidole kinavuta waya, diski inakatika, kompyuta inaandika maneno ya kutisha, na Kisyeri anashika kichwa. Kuifufua ni elfu hamsini.

Asubuhi hiyo aliingia mama mmoja, diski kaifunga kwenye leso. Kisyeri akaona kuku kajileta mwenyewe jikoni.

"Shikamoo mama. Watokea wapi?"

"Marahaba. Nyambureti. Naitwa Bhoke. Humu mna sauti ya marehemu mume wangu akiimba na kupiga nyuzi za litungu lake, na sina nyingine. Nataka nakala. Jumamosi anatimiza mwaka tangu afariki, tunamkumbuka."

"Pole mama. Una kijana huko?"

"Werema."

"Werema huyu? Mama, sisi ni rika moja, tulitahiriwa msimu mmoja. Wewe ni mama yangu kabisa."

Werema hamjui hata kwa picha. Ila uzoefu ulimfundisha kwamba mteja ukimwita mama haombi risiti.

Nakala ilipofika nusu, kidole kikafanya kazi yake.

"Basi tena, mama. Diski imezimia."

Mkono wa Bhoke ulishika ukingo wa meza. Aliogopa, hilo Kisyeri aliliona. Kisha mama akavuta pumzi.

"Ng'ombe akishtuka unapomkamua, humpigi, wala humwagi maziwa uliyokwisha kupata. Unamtuliza, unaendelea. Nimekuwa karani wa shule miaka ishirini, mwanangu, na umeme wetu unaujua."

Akainama chini ya meza, akachomeka waya, akangoja taa ya diski iwake, akabonyeza kuendelea. Nakala ikaanzia palepale ilipoishia. Ilipokwisha akafungua wimbo mmoja kuujaribu, na sauti ya mzee ikajaa dukani. Wateja wanne kwenye benchi wakageuka kusikiliza.

"Vaa ndala, mwanangu, sakafu ina baridi," Bhoke alisema taratibu, huku akipiga simu. "Werema, nimempata mwenzako wa rika hapa Tarime, anaitwa Kisyeri. Ndiyo, kasema mbele za watu. Basi Jumamosi anakuja kwenye kumbukumbu ya baba na beberu wake, kama wenzake wa rika."

Kisyeri akatazama benchi, benchi likamtazama. Kukiri kwamba kadanganya hata juu ya tohara, tena Tarime hii, ni kufunga duka na kuhama wilaya. Akachagua mbuzi.

Jumamosi akafika Nyambureti na beberu, kompyuta na spika, vyote bure. Werema alimkumbatia huku akicheka mpaka machozi, maana mama alikwisha kumwambia yote. Mzee akaimba kwenye spika, watu wakacheza, na katikati ya wimbo sauti ikakatika.

Safari hii ulikuwa umeme kweli. Lakini uwanja mzima uligeuka kutazama miguu ya Kisyeri. Alikuwa amevaa buti, na kamba zake alizifunga Bhoke mwenyewe asubuhi, mafundo mawili mawili.